Si kila damu ya uzazi ni nifasi: Utafiti ambao kila nyumba ya Pwani yafaa iujue

Binti yeyote aliyesoma chuoni hapa kwetu hufundishwa kwamba damu za mwanamke zina majina yake na hukumu zake. Kuna hedhi, kuna nifasi, na kuna istihadha. Hufundishwa siku chache zake na nyingi zake, lini aache kuswali na lini aoge arejee kwenye ibada. Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi, nifasi aghalabu huhesabiwa siku arubaini na ukomo wake ni siku sitini. Ni elimu tunayojivunia, na haki tujivunie, kwa sababu si kila jamii inayozungumza na mabinti zake mambo hayo waziwazi.

Lakini elimu hiyo inajibu swali la siku. Swali la kiasi halikuwa mlango wake. Mama amejifungua saa moja iliyopita, mtoto analia vizuri, jamaa washaanza kupigiana simu za pongezi, na damu bado inatoka. Je, hiyo ni damu ya kawaida ya uzazi au ni damu inayoua? Hapo si mama peke yake anayetegemea macho. Hata mkunga mwenye cheti na miaka mingi ya kazi hutegemea macho. Na macho, kama utafiti mkubwa uliofanywa hapa hapa Afrika ulivyoonyesha, hukosea karibu nusu ya mara.

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii, na kazi yangu imekuwa kukaa na watu na kusoma ripoti ambazo walioziandika hudhani hakuna mtu wa mtaani atakayezisoma. Naandika haya nikiwa mwanamume, najua kuna watakaosema mambo ya uzazi ni ya wanawake. Jibu langu ni fupi. Anayetafuta gari usiku ni mwanamume, anayeulizwa idhini mara nyingi ni mwanamume, na anayebaki na watoto mama akifa ni mwanamume. Basi tusome pamoja.

Damu inatoka wapi?

Mwanamke akiwa mja mzito, mishipa inayopeleka damu kwenye mji wa mimba hupanuka sana. Karibu na siku za kujifungua, damu inayopita hapo hufikia takriban nusu lita kwa kila dakika, pengine zaidi. Mtoto akitoka, kondo la nyuma likabanduka, pale lilipokuwa limeshika huachwa wazi kama mabomba yaliyokatwa.

Kinachofunga mabomba hayo si kitambaa wala uzi. Ni misuli ya mji wa mimba wenyewe, ambayo Mwenyezi Mungu ameiumba ikipishana kama ukili uliosukwa. Misuli ikijikaza, hubana mishipa na damu hupungua. Misuli ikilegea, mishipa hubaki wazi. Kulegea huko ndiko chanzo cha takriban visa saba katika kila kumi vya kuvuja damu baada ya kujifungua. Visa vingine hutokana na kuchanika kwa njia ya uzazi, vipande vya kondo kubaki ndani, au damu ya mama kushindwa kuganda.

Linalotisha ni kwamba wengi wanaopatwa na balaa hili hawakuwa na dalili yoyote kabla. Walihudhuria kliniki, vipimo vikawa sawa, wakajifungua kwa njia ya kawaida. Na mama mwenye afya nzuri, akivuja damu nyingi bila kutibiwa, anaweza kufariki ndani ya saa mbili hivi. Huo ni muda mfupi kuliko safari ya boti na gari ya mgonjwa anayetolewa Kizingitini kutafuta upasuaji.

Tumekwenda hospitali, mbona bado twazika?

Kwa miaka mingi ujumbe wa serikali na mashirika ulikuwa mmoja: kina mama, nendeni mkajifungulie hospitali. Tarehe 1 Juni 2013 ada ya kujifungua ikaondolewa katika hospitali za umma. Kina mama wakaitika. Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2014 zilionyesha kwamba watoto 62 katika kila 100 walizaliwa mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi. Takwimu za mwaka 2022 zikaonyesha wamefika 89. Hilo ni badiliko kubwa sana kwa muda mfupi.

Sasa tazama upande wa pili. Takwimu hizo za 2014 zilikadiria vifo vya kina mama 362 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Sensa ya 2019 ikatoa makadirio ya 355. Njia za kuhesabu zilikuwa tofauti, kwa hivyo nambari hizo mbili haziwekwi pamoja kama mizani ya dukani. Hata hivyo ujumbe wake ni mzito: idadi ya wanaofika mlangoni mwa hospitali iliongezeka kwa kasi, lakini vifo havikushuka kwa kasi hiyo.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mama ametekeleza sehemu yake. Ameacha kujifungulia nyumbani, amelipa boda boda, amelala kwenye kitanda cha wodi, pengine wawili kwa kitanda kimoja. Swali sasa limeingia ndani ya hospitali: akishafika, anafanyiwa nini, na kwa haraka gani? Na kuvuja damu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya uzazi hapa kwetu na duniani kwa jumla.

Vimto na leso kuukuu

Kabla ya kueleza utafiti wenyewe, jaribu jambo moja nyumbani. Nilifanya mimi, na haikugharimu kitu. Nilichanganya Vimto na maji mpaka ikatimia nusu lita kamili, nikaimwaga kidogo kidogo juu ya leso kuukuu iliyokunjwa, nyingine ikaanguka sakafuni. Kisha nikawaita watu wanne wa nyumbani na jirani mmoja, nikawauliza: hapa pamemwagika kiasi gani?

Mmoja alisema kikombe cha kahawa. Mwingine akasema glasi ya chai. Aliyekaribia zaidi alisema robo lita, na huyo ni muuza juisi. Hakuna hata mmoja aliyetaja nusu lita. Kitambaa hunywa, sakafu hutandaza, na jicho huona doa badala ya ujazo.

Nusu lita, yaani mililita 500, ndicho kiwango ambacho kwa miaka mingi madaktari wamekitumia kusema kwamba mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida anavuja damu kupita kiasi. Sasa mfikirie mkunga mmoja katika wodi yenye kina mama wengi, usiku, taa moja haifanyi kazi, damu imechanganyika na maji ya uzazi, nyingine imo kwenye leso, nyingine kwenye godoro, nyingine kwenye ndoo. Akiandika kwenye faili “damu kiasi cha kawaida”, hadanganyi. Anaandika alichokiona.

Hospitali 80, kina mama zaidi ya laki mbili

Mwezi Mei 2023, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE. Uliongozwa na Profesa Arri Coomarasamy wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, akishirikiana na watafiti wa nchi nne ambako kazi yenyewe ilifanyika: Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Upande wa Kenya, miongoni mwa walioongoza ni Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Zilishiriki hospitali 80, na kina mama waliojifungua kwa njia ya kawaida 210,132.

Utafiti ulikwenda hivi. Kwanza hospitali zote ziliendelea na kazi kama kawaida kwa miezi kadhaa huku hesabu ikichukuliwa, ijulikane hali ilivyo. Kisha hospitali zikagawanywa kwa kura. Nusu zikaendelea na utaratibu wao wa kila siku. Nusu nyingine zikapewa utaratibu mpya.

Kwa nini kura? Kwa sababu lau zingechaguliwa zile nzuri zipewe utaratibu mpya, tungesema zimefaulu kwa kuwa zilikuwa nzuri tangu awali. Kura huondoa upendeleo. Na kwa nini hospitali nzima, si mama mmoja mmoja? Kwa sababu mkunga akishafundishwa njia bora hawezi kuitumia kwa mama wa kitanda cha kwanza akamnyima wa kitanda cha pili.

Utaratibu mpya ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kupima damu badala ya kukisia. Mara tu mtoto anapozaliwa, mama huwekewa chini ya makalio shuka la plastiki lenye mfuko mbele, na mfuko huo una mistari ya vipimo kama jagi la kupimia maji jikoni. Damu inaingia, mkunga anasoma mstari. Hakuna kubahatisha.

Sehemu ya pili ni kutibu yote kwa mara moja. Damu ikifika mililita 500, au ikifika 300 huku mama akionyesha dalili mbaya kama mapigo ya moyo kwenda mbio au presha kushuka, wahudumu hufanya mambo matano pamoja. Husugua mji wa mimba kupitia tumboni ujikaze. Humpa mama dawa ya kuukaza, hasa oksitosini. Humpa asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke upesi. Humwekea dripu. Na humchunguza kutafuta palipochanika au kondo lililobaki, huku wakimwita daktari mkubwa hali ikizidi. Lengo ni yote yafanyike ndani ya dakika 15.

Msomaji makini atauliza: jipya liko wapi hapo? Na ndiyo siri yenyewe. Katika hayo matano hakuna hata moja lililogunduliwa na utafiti huu. Yote yalikuwa yakijulikana na kupendekezwa. Lakini mazoea ya wodini yalikuwa kutoa moja, kungoja, kutazama, kisha kutoa la pili, kungoja tena. Na damu haingoji.

Matokeo

Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, kati ya kina mama 1,000 waliojifungua, takriban 43 walipatwa na baya zaidi: kupoteza lita nzima ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya kuzuia damu, au kufariki kwa damu hiyo. Katika hospitali zilizotumia utaratibu mpya, walikuwa 16. Yaani hatari ilipungua kwa asilimia 60. Katika tafiti za tiba, ni nadra kuona tofauti kubwa namna hiyo bila ya dawa mpya.

Lakini nambari iliyonikaa zaidi kichwani ni nyingine. Katika hospitali za kawaida, wahudumu walitambua visa 51 tu katika kila 100 vya kuvuja damu kupita kiasi. Katika zile zilizopewa mfuko wenye mistari, walitambua 93. Na hapa sikiliza vizuri: hata hospitali za kawaida zilipewa shuka la plastiki la kukusanya damu, ili watafiti waweze kuipima baadaye. Tofauti ni kwamba lao halikuwa na mistari. Plastiki ni ile ile na damu ni ile ile. Kilichokosekana ni mistari na amri ya kuchukua hatua inapofikiwa.

Na matibabu? Katika hospitali za kawaida, mama mmoja tu katika kila watano waliovuja damu ndiye aliyepata matibabu yote kwa pamoja. Katika zile nyingine walikuwa tisa katika kila kumi.

Mwishoni mwa 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo itumike kwa kina mama wanaojifungua kwa njia ya kawaida. Oktoba 2025, shirika hilo pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na ya wakunga walitoa mwongozo mpya unaosisitiza hatua ichukuliwe mapema, tangu mililita 300 kukiwa na dalili mbaya. Mililita 300 ni ile chupa ndogo ya soda ya kioo tunayoinywa barazani. Hicho ndicho kiasi cha kumfanya mkunga ainuke.

Dawa iliyotoka Japani, na dawa isiyoogopa joto letu

Asidi ya traneksamiki ina kisa chake. Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, wakachapisha kazi yao mwaka 1962. Bibi huyo alikuwa mtafiti wakati ambapo mwanamke kwenye maabara alionekana kama mgeni aliyepotea njia, na nia yake tangu mwanzo ilikuwa dawa hiyo iwasaidie wanawake wanaokufa kwa damu ya uzazi. Ikachukua zaidi ya miaka 50 kabla ya kufanyika utafiti mkubwa wa kuthibitisha nia hiyo.

Matokeo yake yalitoka mwaka 2017, kutoka kwa kina mama 20,060 katika hospitali 193 za nchi 21. Yalionyesha kwamba dawa hiyo, ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, hupunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu thuluthi moja. Baada ya saa tatu, faida haionekani. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba kila robo saa ya kuchelewa hula takriban asilimia 10 ya faida yake. Okamoto mwenyewe alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 98, hakuwahi kuyaona matokeo hayo.

Jambo la pili linatuhusu sisi watu wa joto. Oksitosini, dawa kuu ya kuukaza mji wa mimba, hutakiwa iwekwe kwenye baridi ya kati ya digrii 2 na 8. Sasa zungumza na yeyote anayeishi Vanga, Kipini au Faza kuhusu umeme unavyokatika. Friji ikizimika kila mara katika joto letu, dawa huchoka polepole. Chupa haibadiliki rangi, muuguzi hajui, mama hajui. Anachomwa sindano lakini nguvu haimo.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mwingine, wa kina mama karibu 30,000 katika nchi 10, uliolinganisha oksitosini na kabetosini ya aina isiyohitaji friji. Katika kuzuia damu kufika nusu lita, dawa hiyo haikuwa duni kwa oksitosini. Kwa hospitali ya Nairobi yenye jenereta, hiyo ni habari ya kawaida. Kwa zahanati ya kisiwani ni habari kubwa, na kamati zetu za afya za kaunti zafaa ziulizwe ni zahanati ngapi zimeipata.

Utafiti wa kweli husema pia “hapana”

Nimesikia watu wakisema watafiti hutafuta tu wanachokitaka. Basi tazama mfano huu. Baada ya mafanikio ya 2017, watafiti walijiuliza: kama traneksamiki hutibu, je, haiwezi kuzuia? Wakawachukua kina mama 15,068 wenye upungufu wa damu wa wastani au mkali katika Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia, wakawapa dawa hiyo mara tu baada ya kujifungua, kabla ya kujulikana nani atavuja. Matokeo yalitoka 2023: haikuzuia. Wakaandika hivyo hivyo, bila kuficha.

Lakini kina mama hao walitufundisha jambo jingine. Kadiri damu ya mama ilivyokuwa pungufu mwilini kabla ya kujifungua, ndivyo hatari yake ya kuvuja kupita kiasi ilivyozidi. Na hata akivuja kiasi kile kile na mwenzake, yeye huathirika zaidi, kwani hana akiba. Ni sawa na watu wawili kupoteza shilingi elfu moja, mmoja ana elfu ishirini na mwingine ana elfu moja na mia. Hasara ni moja, msiba si mmoja.

Kwa hivyo kinga ya kweli huanza mapema, miezi kabla ya uchungu. Vile vidonge vya madini ya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki bure, ambavyo wengi huviacha kabatini kwa sababu vinatia kichefuchefu, ndiyo akiba yenyewe. Neti, na ile dawa ya kuzuia malaria anayopewa mja mzito kwetu Pwani, pia ni akiba, kwa sababu malaria hula damu. Mchicha, maharagwe, dagaa, maini kwa mwenye uwezo. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula wala vidonge, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Anywe baadaye.

Sehemu yetu sisi

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza vifo vya uzazi kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Mengi niliyoeleza juu ni ya aina ya tatu, na hayo ni ya wenye hospitali na kaunti. Lakini mawili ya mwanzo yamo majumbani mwetu.

Kuamua. Bado kuna nyumba ambazo mama hawezi kutolewa mpaka mume apatikane kwenye simu, na mume yuko baharini au Ughaibuni. Ruhusa hiyo itolewe mapema, mbele ya mama mkwe na shangazi, iwe inajulikana: hali ikibadilika, ondokeni, msiningoje. Na kuhusu upasuaji, ifahamike kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamweka mgonjwa mwenyewe, akiwa mtu mzima mwenye fahamu, kuwa ndiye mtoaji wa idhini.

Kufika. Wiki za mwisho ziwe na namba ya dereva au nahodha anayejulikana, na pesa ya mafuta iliyotengwa. Tunatenga pesa za akika kabla mtoto hajazaliwa. Nauli ya boti ya usiku pia ni ya kutengwa.

Kubaki. Kina mama wengi hutaka kurudi nyumbani saa chache baada ya kujifungua, na jamaa huharakisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza akae hospitalini angalau saa 24, kwa sababu vifo vingi vya kuvuja damu hutokea katika siku hiyo ya kwanza.

Damu. Dawa zikishindwa, mama huhitaji damu ya mtu mwingine, na damu haitengenezwi kiwandani. Hapa Kenya akiba kubwa hutoka kwa wanafunzi wa sekondari, shule zikifungwa benki hukauka. Vijana wetu wanaojaa viwanja vya mpira kila jioni wangeweza kujaza kituo cha damu cha Mombasa mara moja kwa kila miezi mitatu. Msikiti unaoandaa futari ya watu mia tatu unaweza kuandaa siku ya kutoa damu.

Kisha kuna nyumbani, ndani ya arubaini. Hapo ndipo lile neno nifasi linapoweza kutuponza, kwa sababu kila damu hupewa jina hilo na kuachwa. Nifasi hupungua siku hata siku na rangi yake hupauka. Damu ikirudi kuwa nyekundu na nyingi, mama akijaza pedi nzima ndani ya saa moja, akitoa mabonge makubwa, akiona kizunguzungu, jasho baridi au moyo kwenda mbio, hiyo si ya kungojea mkandaji wala ya kutiliwa maji ya moto. Kukandwa kwa desturi yetu kuna raha yake na wakati wake, lakini si tiba ya damu inayovuja. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Nimalizie na jambo ambalo huzungumzwa kwenye matanga. Mama akifariki kwa uzazi, tunajifariji kwamba ana daraja ya shahidi. Ndivyo tulivyofundishwa, na ni faraja kubwa kwa wafiwa. Lakini ni faraja ya baada ya msiba. Haikuletwa iwe badala ya mfuko wa plastiki wenye mistari, dawa iliyohifadhiwa vizuri, na mkunga aliyefundishwa kuinuka mapema. Kadari hatuijui mpaka ipite, na kabla haijapita kazi yetu ni kutafuta sababu.

Kwa hivyo wiki hii, aliye na mja mzito nyumbani amsindikize kliniki, na amuulize muuguzi kwa adabu maswali matatu. Hapa mnapima damu kwa macho au kwa kipimo? Traneksamiki ipo? Friji ya dawa ikizimika mnafanyaje? Akijibiwa vizuri, ashukuru. Asipojibiwa, swali hilo hilo alipeleke kwa mwakilishi wa wadi, na aje na jirani zake. Kaunti iliyoulizwa na watu hamsini hujibu upesi kuliko iliyoulizwa na mmoja.

Wabillahi tawfiq.